Kabla hamjaihamisha hiyo Tomcat: maneno kwa wadogo zangu wa kitengo

Jumanne iliyopita niliwakuta wadogo zangu wawili wameinamia kompyuta moja, chai imepoa pembeni, wanashangaa kwa nini ripoti ya mauzo ya jana inaanza saa tisa usiku. Mauzo yote ya kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa yamehesabiwa juzi. Nilisoma mstari mmoja wa logi nikajua kilichotokea. Sikusema kitu palepale, maana ningesema kwa ukali, na wao hawakustahili. Kosa lile ni langu, nililifanya miaka mingi nyuma, na sikuwahi kukaa chini kumsimulia mtu. Leo nasimulia, pamoja na mengine machache, kwa kuwa mwezi huu mnahamisha mifumo mitatu kutoka kwenye seva zetu za zamani, ambako Tomcat ndiyo inayoendesha programu zetu za Java, kwenda kwenye makontena, yaani vifurushi vinavyobeba programu pamoja na kila inachohitaji.

1. Ihojini seva ya zamani kabla hamjaizima.

Seva iliyokaa miaka minane kwenye chumba cha nyuma inajua mambo ambayo hayamo kwenye Git, ghala letu la msimbo. Ingieni ndani. Someni setenv.sh (mipangilio ya kuwasha Tomcat), someni crontab (ratiba ya kazi) ya kila mtumiaji, angalieni cacerts (orodha ya vyeti ambavyo Java inaviamini), fonti, na majira ya saa yaliyowekwa. Mfumo mmoja tuliouhamisha uligoma kuongea na benki, kila ombi likirudi na PKIX path building failed, yaani cheti hakitambuliki, na tulipoteza siku nzima tukilaumu mtandao. Kumbe kuna mwenzetu aliyekwisha kuacha kazi, aliingiza cheti cha benki kwenye cacerts kwa mkono wake, akaenda zake. Kontena jipya lingekijulia wapi? Siku iliyofuata risiti za PDF nazo zikagoma, kwa sababu imeji (kiolezo cha kontena) tuliyoichagua ilikuwa nyembamba mno, haina fonti hata moja. Yule mwenzetu nilimpigia simu, akacheka, akanitajia hata faili alilolitumia. Ana kumbukumbu nzuri kuliko nyaraka zetu zote.

2. Msibadilishe Java, Tomcat na jukwaa kwa siku moja.

Hili la javax na jakarta, majina yanayotangulia maktaba za Java, linawatesa kila mwaka. Oracle iliitoa Java EE, sehemu ya Java ya mifumo ya kibiashara, mwaka 2017 ikaikabidhi Eclipse Foundation, lakini jina la javax halikuruhusiwa kuendelea kutumika kwa matoleo mapya, ndiyo maana Jakarta EE 9 (Jakarta EE ndilo jina jipya la Java EE), mwishoni mwa 2020, ikahamisha kila kitu kwenda jakarta. Tomcat 9 inasoma javax, Tomcat 10 inasoma jakarta. Ukipandisha WAR (kifurushi cha programu) ya zamani kwenye Tomcat 10, mara nyingi haipigi kelele yoyote. Inawaka vizuri, logi safi, halafu kila ukurasa ni 404, haupatikani. Kijana mmoja hapa, mchapakazi kweli, alijibu tatizo hilo kwa kutafuta neno javax kwenye mradi mzima na kulibadilisha lote. Akaua javax.sql, akaua javax.crypto, akaua javax.naming. Hizo ni mali ya Java yenyewe, hazikuhama. Hameni kwanza na Tomcat 9 mliyoizoea. Mkishatulia kwenye jukwaa jipya wiki mbili, ndipo mpande toleo.

3. Kumbukumbu.

Msipoiambia JVM (injini inayoendesha Java) kitu, inachukua robo ya kumbukumbu ya kontena kuwa hipu, yaani sehemu ya data za programu, na hiyo ni kidogo. Mkiipa yote, nyuzi na Metaspace (mahali pa maelezo ya klasi), ambazo ziko nje ya hipu, hazina pa kukaa, na kontena linauawa kwa kukosa kumbukumbu, likiacha namba 137. Wekeni MaxRAMPercentage (asilimia ya kumbukumbu inayopewa hipu), anzeni na 70, pimeni. Na kama bado mko kwenye Java 8 ya kabla ya toleo dogo la 191, JVM yenyewe, bila kuambiwa, haioni mpaka wa kontena. Inaona mashine nzima na kujipimia humo. Pandisheni kwanza.

4. Diski ya kontena ni ya kupita. Faili lolote analopakia mteja liende kwenye hifadhi ya nje, na sesheni (kumbukumbu za watumiaji walioingia) zisikae ndani ya Tomcat.

5. Saa.

Hapa naomba mnivumilie, ni parefu.

Tulikuwa na mfumo wa mikopo wa chama cha akiba na mikopo. Kila usiku, saa sita na dakika tano, kazi moja ilipita kwenye mikopo yote, ikatazama tarehe ya mwisho ya kulipa, na aliyechelewa akatozwa faini na kutumiwa ujumbe. Seva ya zamani ilikuwa hapa Dar es Salaam, na majira yake ni ya hapa. Tukauhamisha Alhamisi usiku, tarehe 30. Saa saba usiku kila kitu kilikuwa kijani, nikaenda kulala nimeridhika.

Kontena lilikuwa kwenye UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Makontena karibu yote huzaliwa hivyo, na mimi nililijua hilo kwa kulisoma tu. Saa sita na dakika tano ya UTC kwetu ni saa tisa na dakika tano usiku, kwa hiyo kazi ile iliamka saa tisa. Hilo peke yake lingekuwa usumbufu mdogo. Shida ilikuwa kwenye tarehe zenyewe. Tarehe ya mwisho ilihifadhiwa kama wakati kamili, saa sita kamili usiku kwa majira yetu. Usiku wa manane wa kuingia tarehe 31 hapa Dar, kwa UTC ni saa 21:00 ya tarehe 30. JVM ya zamani ilisoma 31. JVM mpya ilisoma rekodi ileile, bila kubadilika hata herufi, ikaona 30. Kila mkopo wa zamani ukasogea nyuma siku moja.

Mtaniuliza, hukujaribu? Nilijaribu wiki mbili. Lakini mikopo ya majaribio niliiandika mimi mwenyewe ndani ya mazingira mapya, ikaandikwa kwa UTC na kusomwa kwa UTC, ikakubaliana. Na kwenye kompyuta yangu, yenye majira ya hapa, ilikubaliana pia. Sikuwahi kuleta hata rekodi moja ya zamani ikasomwa na kontena jipya.

Saa tisa usiku wa kuamkia Ijumaa simu za mamia ya watu zikalia: umechelewa kulipa, umetozwa shilingi 5,000. Siku hiyo ilikuwa tarehe 31, siku yao ya mwisho, bado wana siku nzima mkononi.

Asubuhi niliitwa tawini. Kaunta ilikuwa imejaa. Mama mmoja muuza dagaa aliniwekea kadi yake mbele, ile kadi ya karatasi ngumu iliyolainika kwa kukunjwa, na tarehe 31 imezungushiwa duara kwa kalamu nyekundu. Ndani ya kitambaa alikuwa na hela yote ya rejesho, noti ndogondogo. Akasema, "Mwanangu, mwezi bado haujaisha. Mbona mmenihukumu mimi alfajiri?" Nilimpa shikamoo na pole. Nikamwahidi itarekebishwa leo hiihii.

Ahadi ile ndiyo iliyoniharibia. Saa tano na nusu usiku, peke yangu, nikiwa sijaelewa sawasawa kilichotokea, niliamua kwamba data imekosewa kwa saa tatu. Nikaandika UPDATE (amri ya kubadilisha data) ya kuongeza saa tatu kwenye tarehe za mikopo, na nikaona nisiache kazi nusu, nikaongeza saa tatu kwenye jedwali la malipo pia. Sikuchukua chelezo, nakala ya akiba. Sikumwambia mtu. Nikatazama skrini, tarehe zimerudi 31, nikazima taa.

Data haikuwa imekosewa. Ilikuwa sahihi tangu mwanzo, msomaji ndiye aliyebadilika. Jumamosi asubuhi dada mkuu wa kitengo, ambaye yeye alikaa akaelewa, aliweka majira ya Africa/Dar_es_Salaam kwenye kontena. Hakujua kuhusu UPDATE yangu. Sasa fikirini nani hulipa rejesho siku ya mwisho kati ya saa tatu na saa tano usiku. Ni watu waliofunga biashara, wakahesabu mauzo, wakatuma kwa simu kabla hawajalala. Malipo yao ya Ijumaa saa tatu na nusu usiku, kwa zile saa tatu nilizowaongezea, yakasomeka Jumamosi. Usiku wa kuamkia Jumapili mfumo ukawatoza faini. Watu waliojitahidi kuliko wote.

Nilimwambia dada Jumapili asubuhi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, nikasema tu, "Dada, niliongeza saa tatu kwenye malipo, sikukuambia." Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Njoo ofisini, njoo na chakula cha mchana." Tulirudisha chelezo cha Alhamisi usiku, tukachukua taarifa za miamala za kampuni za simu, na watu watatu tukaingiza malipo ya siku mbili moja baada ya jingine, mmoja anasoma, mmoja anaandika, mmoja anahakiki. Tulimaliza saa sita usiku. Faini zilirudishwa zote. Yule mama nilimpigia mwenyewe Jumatatu. Alisema ahsante, lakini tangu mwezi uliofuata akawa analipa kaunta, kwa mkono, na kudai muhuri.

Kwa hiyo, ninyi. Tarehe isiyo na saa ihifadhiwe kama tarehe: safu ya aina ya date, na LocalDate kwenye Java, tunayo tangu Java 8 ya mwaka 2014. Tukio lenye saa lihifadhiwe kwa UTC na ligeuzwe wakati wa kuonyesha. Kazi za ratiba zitajiwe majira yake waziwazi, msitegemee ya mashine. Na tafadhali msiandike +3 kwa mkono ndani ya msimbo. Najua inashawishi, kwa sababu sisi hatusogezi saa mbele wala nyuma kwa msimu, tatu ni tatu mwaka mzima. Ila atakuja mwingine kuweka majira sahihi kwenye kontena, na hapo mtakuwa mmeongeza mara mbili.

Kingine ni kinywa chetu. Saa tisa alasiri tunayoisema, kwenye skrini yako ni 15:00, kwenye logi ni 12:00. Mtu akikupigia kukuambia mfumo ulikwama saa tisa, muulize tisa ipi, na uandike UTC yake kabla hujafungua logi. Nimeshaona mtu anatafuta kosa nusu siku katika saa ambayo halikutokea.

6. Kwenye script ya kuanzisha kontena andikeni exec kabla ya java, la sivyo SIGTERM (ishara ya kuomba mfumo uzime taratibu) inaishia kwa shell na Kubernetes, inayosimamia makontena, inaua mfumo baada ya sekunde 30 ukiwa katikati ya muamala.

7. Punguzeni TTL ya DNS (muda ambao anwani ya mfumo hukumbukwa kabla ya kuulizwa upya) siku moja kabla ya kuhama, si saa ileile ya kuhama.

Wale wawili wa Jumanne: ripoti yenu inarekebishika, data yenu ni nzima, msiguse jedwali lolote. Kesho saa tatu asubuhi njooni mezani kwangu na vitu vitatu: majira ya JVM ya zamani na ya mpya, aina za safu zote zenye tarehe, na rekodi kumi za mwaka jana zilizosomwa na kontena jipya. Na kama kuna mmoja wenu ameshapitisha UPDATE yoyote tangu Jumanne, anipigie usiku huu huu. Simu yangu iko wazi.