Maswali ya Wasomaji: Ndege za kujitoa mhanga

SWALI: Marubani wa Japani waliojibamiza kwenye meli katika Vita vya Pili walifanikiwa kweli? Hapa kijiweni tunabishana. – Msomaji, Kondoa, Dodoma

JIBU: Walitia hasara kubwa, lakini hawakugeuza vita. Tarehe 25 Oktoba 1944, huko Leyte, Ufilipino, waliizamisha St. Lo, meli ndogo ya Marekani ya kubeba ndege. Meli kubwa za aina hiyo hawakuzamisha hata moja.

Sababu ni mwendo. Bomu likidondoshwa kutoka juu sana hushika kasi na kutoboa sitaha. Ndege huja polepole zaidi na kupasukia juu. Zero, ndege ya kivita ya Japani, mara nyingi ilibeba bomu la kilo 250 tu. Hatari kuu ilikuwa moto: tarehe 11 Mei 1945 ndege mbili ziliipiga Bunker Hill, meli kubwa ya Marekani ya kubeba ndege, wakati sitaha yake ya mbao imejaa ndege zenye mafuta, wakafa karibu watu 400. Formidable, meli ya Uingereza ya kubeba ndege yenye sitaha ya chuma, ilipigwa siku saba kabla. Shimo likazibwa kwa saruji na mabamba ya chuma, ndege zikatua tena siku ileile.

Nao marubani wale walikuwa vijana wenye mafunzo haba, wengi wakitunguliwa na ndege za kivita za adui zilizoelekezwa kwa rada. Inauma.