Valvu ya hita ikidondosha maji, usiizibe

Kilichonipeleka kwenye ile gesti ya Sinza kilikuwa shawa iliyoziba. Mama mwenye nyumba ni mteja wangu wa siku nyingi, na mwaka ule alikuwa ameweka hita mpya ya lita 80 juu ya bafu la chumba namba tano. Nilipomaliza kumwamkia, nikamuuliza kama ile hita inamsumbua.

"Mwanzoni ilikuwa inadondosha maji ukutani, rangi yote ikabanduka," akasema. "Akaja mwenzako akaitengeneza. Sasa hata tone halitoki."

Nikainua macho. Chini ya tanki, pale inapokaa valvu ya usalama, kile kidomo cha kutolea maji kilikuwa kimefungwa plagi ya chuma, imeviringishiwa tepu nyeupe ya bomba mara nyingi mpaka imevimba. Taa nyekundu ya hita ilikuwa inawaka. Nikamuuliza mhudumu imewaka tangu saa ngapi. Akajibu kwamba siku hizi haizimi kabisa, tangu juzi. Bomba la plastiki linalotoa maji moto kutoka kwenye tanki lilikuwa limelegea na kupinda kama ndizi.

Sikufungua koki. Nilikwenda moja kwa moja kwenye breka nikazima, nikamwomba mama awahamishe wageni wa chumba kile na cha jirani, kisha mlango ukafungwa hadi kesho yake. Nawaambia vijana ninaowafundisha kazi wafanye hivyohivyo: ukikuta tanki limezibwa na umeme haujikati, usijaribu kupunguza maji wala kulegeza nati. Kata umeme, ondoa watu, acha lipoe. Maji yaliyobanwa huvuka nyuzi 100 bila kuchemka. Kwa mgandamizo kama ule wa mita 10 za maji, yaani bar 1 juu ya hewa ya kawaida, hayachemki hadi yafike nyuzi 120 hivi. Ukiyapa upenyo wa ghafla, sehemu yake hugeuka mvuke papo hapo, na lita moja ya maji ikiwa mvuke hujaza nafasi inayokaribia lita 1,700. Tanki likipasuka, hiyo ndiyo nguvu inayobomoa ukuta.

Kesho yake nilipolifungua nikaona kisa chote. Thermostati ilikuwa imeganda, haikati umeme maji yakishapata moto. Ile kinga ya pili, kitufe kinachokata joto likizidi, mtu alikuwa ameiruka kwa waya, bila shaka kwa sababu ilikuwa inajikata kila mara na wageni wanalalamika. Kinga ya tatu, ambayo ndiyo valvu, ikazibwa kwa sababu inachafua ukuta. Kinga tatu zote zilikuwa zimeondolewa, na kila moja iliondolewa na mtu aliyeamini anatengeneza.

Ndiyo maana naandika haya. Nimefanya kazi ya bomba Dar kwa zaidi ya miaka ishirini, na kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote kwenye maji ya moto ni hili la kudhani tone linalotoka kwenye valvu ni ubovu.

Maji yakipata moto yanatanuka. Ukichukua tanki la lita 80 likiwa na maji ya bomba ya nyuzi 27 na kuyafikisha nyuzi 65, yanaongezeka kwa zaidi ya lita moja. Hiyo lita lazima ipate pa kwenda. Kama hita yako imeungwa na tenki la juu ya paa bila kizuizi njiani, itarudi taratibu kwenye bomba la maji baridi. Lakini valvu nyingi zinazokuja na hita zina kizuizi ndani yake kinachozuia maji yasirudi nyuma. Kwa hiyo maji yanabanwa, mgandamizo unapanda, na valvu inaachia kidogo. Nyingi ninazofunga zimeandikwa MPa 0.8, yaani bar 8. Zile tone tone unazoziona hita ikiwa inapasha maji ni kazi yake.

Mimi niliijifunza hii kwenye chumba cha boila cha hoteli moja mjini, nilipokuwa kijana wa kubeba spana. Boila ilikuwa ya dizeli, inahudumia vyumba, jiko na dobi. Mzee aliyenifundisha alikuwa na tabia ya kuweka kiganja juu ya bomba la kwenda na kiganja kingine juu ya bomba la kurudi, anafumba macho, kisha anakwambia kama pampu inazunguka sawasawa. Tanki jekundu la upanuzi lilikuwa pembeni, na alinionyesha kwa kuligonga kwa kidole: juu linatoa sauti ya utupu, chini sauti nzito. Ndani yake kuna mpira unaogawa hewa upande mmoja na maji upande mwingine. Maji yakitanuka yanausukuma mpira, hewa inabanwa. Yakipoa, hewa inayarudisha. Akaniambia, "Haya maji yakishikwa na moto yanataka nafasi. Kama hujampa nafasi, atajitafutia."

Sisi huku boila tunaijua kwa kuoga na kufua. Kwenye nchi za baridi inapasha moto jengo lenyewe, na ukiielewa hiyo utaielewa na hita yako. Maji yanapashwa chini kwenye boila, pampu inayasukuma kupitia bomba hadi vyumbani, na kila chumba kina rejeta, mara nyingi chini ya dirisha kwa sababu hapo ndipo baridi inaporomokea. Wanaosema rejeta inapooza kwa sababu wameizoea kwenye gari watashangaa, lakini kazi ni moja: inayatoa maji joto na kuipa hewa. Hewa iliyoguswa na rejeta inapanda juu, ya baridi inashuka na kuchukua nafasi yake, na chumba kinazungukwa na joto bila feni. Maji yaliyopoa yanarudi kwenye boila kupashwa tena. Hayaogewi wala hayanywewi. Ni yaleyale yanazunguka miaka na miaka, na ukiyatoa yanakuja meusi kwa kutu.

Mdogo wangu wa kike anasoma Hamburg. Januari moja alinipigia simu ya video amejifunga vitenge viwili juu ya koti. "Kaka, kile chuma cha ukutani kimekufa. Jirani zangu wana joto, mimi naganda."

Nikamwambia akiguse juu na chini. Chini kilikuwa cha moto, juu baridi. Hapo sikuhitaji kuwa Ujerumani. Hewa imeingia, imekaa juu kwa sababu ni nyepesi, na maji hayawezi kufika. (Ingekuwa kinyume, juu moto na chini baridi, ningesema ni tope la kutu limelala chini, na hilo ni la fundi wa kule.) Nikamwelekeza afunge ile koki yenye namba, asubiri kipoe, atafute kitundu kidogo cha mraba pembeni kwa juu, na aazime kifunguo chake kwa jirani. Ashike kikombe na kitambaa, azungushe nusu mzunguko tu. Nikaisikia kwenye simu: ssssss, muda mrefu, kisha ikaanza kutema mate, kisha maji. "Funga!" Akafunga. Baada ya kuirudisha ile koki, robo saa ikapita akanionyesha mkono wake juu ya rejeta anacheka. Nilimsisitizia amwambie na msimamizi wa jengo, maana ukitoa hewa mgandamizo unashuka, na mfumo wa nyumba ya kawaida kule unatakiwa uwe bar 1 hadi 1.5 ukiwa umepoa. Kama una ndugu anayekwenda kusoma kwenye baridi, mfundishe hilo la kugusa juu na chini kabla hajapanda ndege.

Turudi Dar. Watu wananiuliza mjini joto lote hili hita ya nini. Ukifika Juni na Julai, upepo wa kusi ukivuma alfajiri, mwenye mtoto mchanga au mzazi mwenye maumivu ya viungo hataniuliza. Swali linalofuata ni hita gani.

Shawa ya papo kwa papo ni rahisi kununua Kariakoo na inakaa mahali padogo, lakini inavuta umeme kwa pupa. Ya kilowati 5.5 inachukua ampea 24 hivi. Nimekuta imeungwa kwenye waya wa soketi uliojengewa pasi na redio, waya umeungua ndani ya ukuta na mwenye nyumba anasikia harufu tu. Inataka laini yake yenyewe kutoka kwenye bodi, waya mnene, breka yake, na ethi ya kweli iliyozikwa ardhini. Juu ya ethi sitakubali mjadala. Hapo umeme, maji na mtu asiye na viatu vinakutana. Kama nyumba haina ethi wala breka inayokata umeme ukivuja, chemsha maji kwenye sufuria mpaka uipate.

Hita ya tanki ni mpole zaidi kwa waya. Kuyatoa maji lita 80 kutoka nyuzi 27 hadi 60 kunakula uniti 3 za LUKU na kidogo juu, na elementi, ile koili ya ndani inayopasha maji, ikiwa ya wati 1,500 itachukua kama saa mbili. Usilipunguze sana joto kwa kubana matumizi. Kuna bakteria wanaoitwa Legionella wanaopenda maji ya uvuguvugu, nyuzi 25 hadi 45 hivi, na mtu akivuta matone yao ya shawa wanaweza kumpa homa kali ya mapafu. Jina lilitokana na watu waliougua baada ya mkutano hotelini Philadelphia mwaka 1976. Pale walisambazwa na mitambo ya kupooza hewa, ila tanki la uvuguvugu nalo linawalea vizuri. Nyuzi 60 ndani ya tanki zinawamaliza. Lakini maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache, na ya mtoto upesi zaidi. Kwa hiyo weka koki ya kuchanganyia, na ukimwogesha mtoto fungua maji baridi kwanza.

Ukinywesha hita yako maji ya kisima cha chumvi, kama wengi wetu huku Mbezi na Kigamboni, ujue haitadumu kama ya mtu wa maji ya bomba ya DAWASA. Chumvi inaganda kwenye elementi kama ukoko wa wali, joto halipiti, elementi inaungua. Ukisikia tanki linatoa sauti ya mahindi yanayokaangwa, ndiyo huo ukoko. Ndani kuna fimbo ya magnesiamu iliyowekwa ili kutu iile yenyewe na kuliacha tanki. Kwenye maji ya chumvi ninaitazama kila mwaka, na nimeshatoa iliyobaki waya mtupu. Muulize fundi wako lini aliiona mara ya mwisho. Akikuuliza fimbo gani, tafuta mwingine.

Wenye paa lisilo na kivuli, mimi nawashauri jua. Ile ya tanki juu na paneli chini haihitaji hata pampu: maji yakipata moto yanapanda yenyewe, ya baridi yanashuka. Majengo ya zamani ya Ulaya yalipashwa moto hivyohivyo kabla ya pampu za umeme, kwa bomba nene na subira. Nayo inataka njia ya kupumulia, maana jua la Januari halina thermostati.

Na kwa ndugu zetu wa Njombe na Makete wanaotusoma, ambako Julai baridi inashuka hadi karibu na sifuri: rejeta bado hatuna, najua, na jiko la mkaa ndilo rafiki. Litoeni nje kabla ya kulala. Hewa yake ya sumu haina harufu, na mtu anapitiwa usingizini.

Yule mama wa Sinza nilimfungia thermostati mpya, kinga ya joto mpya na valvu mpya. Kwenye kidomo cha valvu nikaunga bomba dogo la shaba, likashuka kwa mteremko hadi nje ya ukuta, mdomo wazi, bila koki wala plagi. Ukuta wake hauloi tena. Kila baada ya miezi michache mhudumu anakiinua kile kishikio cha valvu kidogo, anaona maji yanatoka, anakiachia. Ikitokea siku hayatoki, au yakitoka hayakomi, anajua wa kumpigia. Chini ya lile bomba ameweka ndoo, na kila asubuhi maji yake anamwagilia mchaichai.