Maswali Yenu: Mbona Chernyakhovsky hakuwa marshali?

SWALI: Mhariri, baba yangu humsifu sana Ivan Chernyakhovsky, kamanda wa Kisovieti. Kama alikuwa hodari hivyo, mbona hakufika umarshali?

JIBU: Ndugu msomaji, mzee wako namuunga mkono kabisa. Kifo kilimuwahi. Alikuwa yatima, wazazi wake walichukuliwa na homa ya tifasi akiwa bado mtoto. Jeshini alianzia kwenye mizinga, kisha vifaru. Februari 1943 Jeshi lake la 60 liliikomboa Kursk. Aprili 1944 akakabidhiwa Fronti ya Tatu ya Belarusi, yaani kundi zima la majeshi, naye hajatimiza miaka 40! Hakuna kamanda wa fronti aliyekuwa kijana kumliko. Juni akawa Jenerali wa Jeshi, cheo kilicho chini ya Marshali wa Umoja wa Kisovieti. Julai vikosi vyake vikashiriki kuikomboa Minsk, kisha Vilnius.

Tarehe 18 Februari 1945, karibu na Mehlsack huko Prussia Mashariki, kombora lilipasuka nyuma ya gari lake. Kipande kikampiga mgongoni, akafariki akikimbizwa hospitali. Vita vya Ulaya vilibakiza miezi isiyozidi mitatu. Nafasi yake ilichukuliwa na Vasilevsky, ambaye tayari alikuwa marshali.