Betri Yako Haikufa, Ilikaushwa

Ujumbe umeingia juzi kutoka Kizingitini, Lamu: paneli moja ya wati 200, betri ya sola ya ampea-saa 200, haijatimiza miaka miwili. Imevimba ubavu, na friza ya samaki inazima kila saa tisa usiku. Muulizaji anataka kujua kama arudi kwenye jenereta.

Usirudi, kaka. Kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013, kwa hiyo petroli yetu yote yaja imeshasafishwa ng'ambo, na ikifika visiwani imeshalipiwa meli, lori na mashua. Huko ilikochimbwa nako, mafuta ni jabia, tangi la maji ya mvua, lisilonyeshewa: kila ndoo unayoteka haina badala. Jua ni mvua ya kila siku. Taabu ni kwamba watu hununua paneli kwanza, halafu betri kwa pesa iliyobaki, na hesabu hawafanyi kabisa.

Hesabu yenyewe ni hii. Friza ndogo ya DC, ile inayotumia umeme wa betri moja kwa moja, ya wati 60, injini yake ikizunguka nusu ya siku, inakula wati-saa 720. Taa sita za wati 5 kwa saa 5, ni 150. Televisheni ya wati 30 kwa saa 4, 120. Feni ya wati 20 usiku kucha, saa 8, ni 160. Simu, 50. Jumla 1,200. Ongeza robo kwa kinachopotea kwenye nyaya na betri: 1,500.

Sasa mapato. Usipige hesabu kwa jua la Januari, kaskazi ikivuma na mbingu nyeupe. Piga kwa Mei, mawingu ya kusi, na ujihesabie saa 4 za jua kamili, basi. Wati 200 mara saa 4 ni 800. Unatumia 1,500, unaingiza 800: kila kukicha unadaiwa 700. Betri haijai hata siku moja, na betri ya risasi isiyojaa hufunga ugumu mweupe kwenye sahani zake, nafasi ya umeme ikapungua mwezi hadi mwezi. Paneli ya pili ya wati 200 ndiyo dawa ya kwanza, kabla ya betri mpya. Ukianza na betri mpya utaikausha chaji vilevile.

Dawa ya pili ni kontrola, kile kifaa kinachosimamia chaji ya betri. Nyingi hutoka kiwandani zimewekwa zikate umeme kwenye volti 10.8, na hapo betri ya risasi imeshakauka. Ipandishe hadi 11.8. Ampea-saa 200 kwa volti 12 ni wati-saa 2,400, lakini zako ni nusu tu, 1,200. Nusu ya chini iache kama unavyoacha matope ya kisima.

Waya nao. Paneli mbili sambamba zinatoa kama ampea 22. Zipitishe mita 10 kwenye waya wa milimita mraba 2.5, kwenda na kurudi, na zaidi ya volti 3 zinapotelea njiani. Weka wa milimita mraba 10. Fundi atakwambia ni ghali. Mwambie akupigie hesabu ya hizo volti 3.

Paneli zielekeze kaskazini, mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15. Lamu iko nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo ungedhani kulaza kunatosha, ila miezi ya mawingu ndiyo jua liko kaskazini, na mwinamo huo unaacha mvua ioshe chumvi. Bolti ziwe stenlesi. Chuma cha kawaida kwenye fremu ya alumini, kwa upepo wetu huu, kinaoza upesi.

Na betri, kama imekaa chini ya mabati, iondoe. Kila nyuzi 10 za joto juu ya 25 hukata umri wake karibu nusu, na ubavu uliovimba huwa mara nyingi ni dalili ya joto. Iweke sakafuni, ukuta wa mawe, dirisha wazi.

Jambo ambalo wenye sola hulisahau: barafu ni akiba pia. Jaza chupa kumi za lita moja na nusu, utie tatu tatu kwa siku ili friza isielemewe, kisha iache izunguke kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni na uizime usiku. Lita 15 zilizoganda zitamshika samaki wa kuuzwa kesho hadi alfajiri. Samaki wa kuweka mwezi ni habari nyingine, huyo anataka baridi kali mfululizo.

Bei ya betri igawe kwa miezi 36, ukaweke kando fungu hilo kila mwezi, tangu wa kwanza. Kila alfajiri, kama friza inazunguka, izime dakika 20, pima volti za betri, uandike kwenye daftari. 12.2 ni nusu. Ikianza kusoma 12.0 na matumizi hayajabadilika, paneli zimechafuka au betri imeanza kuchoka. Futa paneli kwanza, upime tena siku tatu.

Ile iliyovimba usiipasue wala usiimwage maji yake mkokoni. Ina risasi na asidi. Wanunuzi wa vyuma chakavu huichukua kwa uzito, na risasi yake ina bei.