Barua kwa mwanangu: Kayumba au inglishi midiamu?

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema uhamisho umetoka, Januari mnaripoti Mtumba, kwenye mji wa serikali hapa Dodoma, na wewe na mkeo hamjakubaliana: mtoto aanze darasa la kwanza shule ya serikali, Kayumba kama mnavyoziita, iliyo jirani na nyumba mnayotaka kupanga Kisasa, au aende ile ya binafsi ya upande wa pili wa mji ambayo wenzako ofisini wanaisifia. Umeniuliza kwa kuwa nimefundisha. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huwa unanikatisha.

Tuanze na hela. Shule ya serikali haina ada tangu Januari 2016, na tangu 2022 elimu bila ada ikafika mpaka kidato cha sita. Sijasema haina gharama. Mtaitwa kwenye kikao cha wazazi, mtapatana mahindi na maharage ya chakula cha mchana, na hela ya mlinzi. Hizo hazitakutoa jasho. Ile ya binafsi, omba karatasi ya ada uisome mpaka chini. Jirani yangu hapa Nzuguni alinionyesha ya kwake: ada ni mstari wa kwanza tu, chini yake usafiri, chakula, sare, nguo za michezo, sweta lenye nembo ambalo huwezi kulinunua Majengo, rimu za karatasi, mitihani ya majaribio, mahafali. Mahafali ya chekechea, mwanangu! Jumlisha yote, uzidishe kwa miaka 6, maana kwa mtaala ulioanza 2024 shule ya msingi ni miaka 6, siyo 7 tena. Ukishapata jibu ndipo mkae na mkeo.

Na mnachonunua pale ni Kiingereza, tusidanganyane. Sijawahi kumsikia mzazi akisema anamlipia mtoto hesabu. Sekondari masomo karibu yote ni kwa Kiingereza, sera mpya ya elimu haikuligusa hilo, kwa hiyo hofu ya mkeo ina msingi. Nimewaona watoto wa Kayumba wenye akili zao wakifika kidato cha kwanza wanakaa kimya mwaka mzima; jibu wanalo, lugha ya kulisemea hawana. Hapo siwezi kuitetea serikali, hata kama ndiyo iliyonilipa mshahara.

Lakini darasa la kwanza nalijua. Mtoto wa miaka 6 ukimfundisha kusoma kwa lugha anayoiongea nyumbani, siku moja anaunganisha silabi mbili, anasoma "kuku", anakutazama, anaanza kucheka. Baada ya hapo humzuii. Atasoma vibao vya dukani, maandishi ya daladala, mpaka karatasi ya maandazi. Ukimfundisha kwa lugha anayoisikia kwa mwalimu peke yake, mara nyingi anakariri. Anasimama mbele ya wageni anaimba shairi zuri kweli, mfunikie picha ya kitabu uone kama atasoma mstari mmoja.

Kinachonitisha serikalini ni wingi. Sensa ya 2012 ilikuta Dodoma mjini watu kama 411,000. Ya 2022 ikakuta zaidi ya 765,000, na ninyi mnaohamia Januari hamjahesabiwa humo. Madarasa yanajengwa, nayaona, lakini watu wanashuka kwenye treni kila siku. Kanuni ni mwalimu 1 kwa watoto 45. Mimi nimefundisha zaidi ya hao na walisoma. Wakifika mia, mwalimu anafanya kazi ya kunyamazisha tu, na daftari la mwanao litasahihishwa Ijumaa hadi Ijumaa. Basi kabla hamjaamua, ingia shuleni siku ya kawaida, simama mlangoni pa darasa la kwanza, uhesabu vichwa. Muulize mwalimu mkuu nani anafundisha darasa hilo na amelifundisha muda gani. Akikwambia wanapokezana kila muhula, ondoka.

Kuhusu wastani wa A wanaokusifia wenzako: uliza kwanza nani anaingia. Shule inayofanya usaili na kuwarudisha walioshindwa, halafu ikifika darasa la nne inawashauri wazazi wa wazito "watafute sehemu nyingine", lazima ing'are. NECTA, baraza la mitihani lenyewe, iliacha kutangaza shule kumi bora tangu Januari 2023. Mabango ya barabarani hayajapata habari.

Bweni msiliwaze. Serikali ilikataza 2023 kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne, na mimi ningekataza kabla yao.

Kubwa kwangu ni kosta, lile basi la shule. Hapa kwetu inapiga honi saa kumi na moja na nusu alfajiri, giza, na Julai kuna ule upepo unaoujua. Mtoto wa jirani anapakiwa akiwa usingizini, sweta kinyume, shavu linabandikwa kwenye kioo. Jioni jua likikaribia kuzama ndiyo anashushwa, na begi lina kazi za nyumbani. Huyo ana miaka 7.

Upande wa pili, darasa la kwanza la serikali linatoka mchana, na ninyi wote wawili mtakuwa Mtumba. Nani anampokea? Ukiniuliza mimi, wazazi wengi wa binafsi wanalipia mtu wa kukaa na mtoto mpaka jioni, Kiingereza ni nyongeza. Siwalaumu, dada wa kazi anaweza kuondoka Jumatatu bila kuaga.

Kwa hiyo achaneni na Kisasa. Pangeni huku Nzuguni, barabara ya kwenda Mtumba ni ileile. Mtoto aende shule ya serikali kwa miguu, akitoka aje kwangu ale, alale, tusome. Ile hela ya ada nunueni vitabu vya hadithi vya Kiingereza, na akifika darasa la tatu mtafutieni mwalimu mzuri wa Kiingereza wa jioni. Msisubiri kidato cha kwanza. Mkitaka kumhamishia inglishi midiamu wakati huo, jueni watamsaili na huenda wakamrudisha darasa moja nyuma. Ila mkihesabu vichwa mkakuta mia, nimekubali: tafuteni ya binafsi, lakini ya huku huku.

Mkeo atasema bibi anajitafutia mjukuu. Mwambie ndiyo.

Uandikishaji kwa kawaida unaanza Oktoba. Cheti cha kuzaliwa kama bado, kishughulikieni sasa hivi huko mliko, msije mkaanza kuzunguka nacho hapa. Mkeo aje na mtoto wiki moja, tutakwenda shuleni pamoja. Na safari hii nipigieni baada ya ibada, siyo kwaya ikiwa imesimama.

Mama yako