Nyumba za mawe za wakulima wa Uingereza: tunajibu maswali yenu

Nyumba za mashambani za Cotswolds, eneo la vilima kusini-magharibi mwa Uingereza, zina rangi ya asali. Zimepakwa nini?

Hazijapakwa kitu. Ni jiwe la chokaa lenye chembe za madini ya chuma. Zamani kusafirisha mawe kwa mkokoteni kulikuwa ghali, kwa hiyo mkulima alijenga kwa jiwe la palepale. Ndiyo maana nyumba za Yorkshire Dales, mabonde ya kaskazini mwa Uingereza, ni za kijivu.

Dada yangu anaishi kwenye nyumba ya namna hiyo. Fundi kampigia lipu ya saruji nje, lakini ukuta wa ndani unazidi kulowa. Kulikoni?

Saruji hiyohiyo ndiyo inayomponza. Ukuta wa zamani ni kuta mbili za mawe zilizojazwa kifusi katikati na kushikwa kwa chokaa. Mvua ikinyesha hunyonya maji, jua na upepo vikija huyatoa kupitia chokaa. Saruji haipumui. Maji yanayopenya kwenye nyufa zake hukosa pa kutokea yakahamia chumbani, na baridi kali ikiyagandisha, hubandua uso wa jiwe. Wenye nyumba za matumbawe Lamu na Mji Mkongwe wanalijua balaa hili la saruji.

Aibandue taratibu kwa tindo, kisha lipu iwe ya chokaa. Lakini kwanza aulize halmashauri: nyumba ikiwa kwenye orodha ya majengo yanayolindwa, kuibadilisha bila kibali ni kosa la jinai. Karibu majengo yote ya kabla ya 1700 yaliyobaki na sura yake yamo humo.

Madirisha yaliyozibwa kwa mawe ni ya kukwepa kodi?

Baadhi, ndiyo. Kodi ya madirisha ilidumu kuanzia 1696 hadi 1851. Ila mengine yalijengwa yakiwa yamezibwa, ili upande wa mbele ulingane tu. Waongoza watalii huipenda zaidi hadithi ya kodi.

Ni kweli wakulima walilala na ng'ombe?

Kule Northumberland, karibu na mpaka wa Scotland, walilala juu yao. Wezi wa mifugo walivuka mpaka usiku, basi ng'ombe walifungiwa chini, ndani ya kuta zinazokaribia mita moja kwa unene, na familia ikapanda ghorofani kwa ngazi ya mbao na kuivuta juu. Nyumba ya Black Middens bado imesimama, ingawa haina paa. Ngazi za mawe unazoziona nje ya nyumba nyingi za aina hii ziliongezwa baadaye, wizi ulipokoma.