Diploma ya habari yatosha kuingia kwa utafiti wa mifugo?

Dadangu wa Malindi, umeuliza kama diploma ya habari yatosha kupata kazi ya kuwaelezea watu utafiti wa kilimo na mifugo. Kuanzia yatosha, ila usikae ukingoja tangazo la ILRI, ile taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, Nairobi. Shika kitu kimoja tu, mfano ile bima ya mifugo ilianza Marsabit 2010, setilaiti yaangalia malisho, yakikauka kupita kiasi mfugaji analipwa bila mtu kuja kuhesabu mizoga, sasa mwelezee hiyo mzee wa Magarini kwa Kigiriama mpaka aanze kukuuliza maswali ya pesa, akifika hapo rekodi upeleke redioni. Halafu KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo, wako Mtwapa hukohuko Pwani, kaombe atachi, yaani mafunzo ya kazini. Na lile neno la wataalamu "ustahimilivu" waachie wenye ripoti, we sema ukame bana.